PV inayofika saa sita ya usiku

Mdogo: Jambo yenu wote wa Lubumbashi, hapa Kongo, wa Kamalondo, wa Katuba, wa Ruashi, na nyinyi mnaotusikiliza ndani ya lori barabara ya Kasumbalesa. Leo ni grupu za WhatsApp za marafiki wakati wa kampeni ya urais. Grupu za waliosoma darasa moja, za likelemba, ule mchango wa pesa wa kupokezana zamu, za mpira. Yaya, kwa nini kila kampeni zinavunjika?

Yaya: Watu wanafikiri ni kwa sababu mmoja ni wa Rais Tshisekedi na mwingine wa Katumbi, mpinzani wake. Lakini hao walijuana hivyo tangu zamani na bukari, ugali wetu, wanakula pamoja. Mimi naona ni vitu viwili. Habari za pesa zinafunikwa na video, halafu usiku wa kuhesabu kura inaingia picha ya PV, procès-verbal, fomu ya matokeo ya kura, ambayo hakuna anayejua nani aliipiga, kila mmoja anaiamini kufuatana na moyo wake.

Mdogo: Tuanze na siku zenyewe.

Yaya: Kampeni kisheria inafunguliwa siku 30 mbele ya kura na kufungwa saa 24 mbele. Mwaka 2023 ilianza tarehe 19 Novemba, ikafungwa usiku wa tarehe 18 Desemba, kura tarehe 20. Na tangu Katiba ilipobadilishwa Januari 2011, urais ni mzunguko mmoja tu: anayepata kura nyingi kuliko wengine anapita, hata kama hakufika nusu. Mwaka 2018 mshindi alitangazwa na asilimia 38.57.

Mdogo: Hiyo inagusa grupu namna gani?

Yaya: Inagusa sana. Hakuna mzunguko wa pili wa kusema «leo nimekushinda, kesho nitakuhitaji». Moto wote unabanwa ndani ya zile siku 30. Na kwa kuwa ni mzunguko mmoja, wagombea wadogo wanaanza kumwachia mkubwa. Ndipo zinapoanza zile barua za kujiondoa zenye sahihi na muhuri.

Mdogo: Na zingine ni za kweli.

Yaya: Ndiyo ugumu wenyewe! Mwaka 2023 kuna waliojiondoa kweli kumuunga mkono Katumbi, Matata Ponyo akiwa mmoja wao. Kwa hiyo usikatae barua kwa sababu ni barua. Tafuta mgombea mwenyewe akiongea, kwenye ukurasa wake mwenyewe, au redio inayotaja siku na mahali alipotangaza. Ukiona karatasi tu, imepigwa picha juu ya meza, bila sauti ya mtu, iache ilale mpaka asubuhi. Na kitu kimoja watu wanasahau: aliyejiondoa akiwa amechelewa, jina na picha yake vinabaki kwenye mashine ya kupigia kura. Matata alibaki kwenye orodha ya matokeo na kura zake. Sasa mtu anapiga picha ya mashine, anaandika «uongo, hajajiondoa, angalieni yuko hapa!» Picha ni ya kweli, maneno yake ndiyo yanapotosha.

Mdogo: Bon, tuingie kwenye likelemba. Watu kumi, kila juma dola 20, anayefikiwa na zamu anachukua 200.

Yaya: Mweka hazina anaandika saa moja ya asubuhi: «Zamu ya namba 4, leo ni mwisho.» Mpaka saa sita ya mchana kuna video 20 juu yake. Watatu hawakuona. Namba 4 anapokea 140 pahali pa 200, na yeye alishaahidi mwenye nyumba. Jioni anasema hawa watatu wamemnyima kwa sababu ya siasa! Hapo ndipo ugomvi unapata mavazi ya kampeni, na asili yake ni meseji iliyozama.

Mdogo: Dawa?

Yaya: Grupu mbili. Ile ya zamani inabaki na pesa, matanga, wagonjwa, ndoa. Ya pili inafunguliwa kwa siasa, anaingia anayetaka, na hakuna kumwingiza mtu kwa nguvu. Fanyeni juma moja mbele ya kampeni kufunguka, vichwa vikiwa bado baridi. Ukingoja ugomvi uanze, yule utakayemwambia «peleka hii kule» atasema unamfukuza.

Mdogo: Na kwenye ile ya zamani, ma-admini wafanye nini?

Yaya: Waingie kwenye mipangilio ya grupu, waweke kwamba ma-admini peke yao ndio wanaobadilisha jina na picha. Ukiacha wazi, utaamka na kukuta grupu la matanga lina sura ya mgombea na namba yake. Ma-admini wawe watatu, wasiwe wa upande mmoja. Na waelewane kwamba siku ya kura jioni grupu linafungwa, ma-admini tu ndio wanaandika, mpaka asubuhi.

Mdogo: Grupu la timu ya mpira ya Mazembe nalo? Rais wa timu, Katumbi, akiwa mgombea?

Yaya: Hilo tuliombee tu. Hata ukiandika «goli!», mtu atasoma siasa.

Mdogo: Mega za intaneti zinaisha pia.

Yaya: Video ya dakika tatu inakula mega 15 hivi. Ishirini kwa siku ni mega 300. Siku 30 ni giga 9, na nyingi hukuziangalia hata moja. Simu nyingi hapa kwetu ziko kwa Kifaransa, basi fungua Paramètres, ingia Stockage et données, tafuta upakuaji wa moja kwa moja, na upande wa data za simu toa alama zote: picha, sauti, video, dokima. Tangu hapo kinachoshuka ni kile ulichokigusa mwenyewe. Fanya na kwenye simu ya mama, yeye ndiye anayeumia zaidi.

Mdogo: Sasa tufike kwenye maneno ya kabila. Lubumbashi hatuwezi kuruka.

Yaya: Hatuwezi. Hapa Katanga, mwaka 1992 na 1993, maelfu kwa maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa, wakalala kwenye stesheni za treni wakingoja mabehewa. Wengi katika grupu zetu wana wazazi walioona ile, upande huu au ule. Kwa hiyo sheria ya grupu iwe fupi: mgombea mseme, kabila usiguse. «Huyu hakutengeneza barabara» inapita. «Hawa watu wako hivi» inafutwa. Admini ana uwezo wa kuifuta kwa wote, bonyeza meseji muda mrefu, futa kwa wote. Afute kwanza, maelezo baadaye, kwa sababu kila dakika inayobaki kuna mtu anapiga picha ya skrini.

Mdogo: Kuna sheria ya nchi pia.

Yaya: Iko ya zamani, ya mwaka 1966, ya kuadhibu ubaguzi na ukabila. Na iko Code du numérique, sheria ya mambo ya mtandao, ya tarehe 13 Machi 2023. Kifungu chake cha 360 kinamgusa anayeanzisha na pia anayesambaza habari ya uongo juu ya mtu: kifungo cha mwezi 1 mpaka 6, faini ya franka 500,000 mpaka 1,000,000, au moja ya hizo mbili. Angalieni hilo neno anayesambaza. Kuandika chini yake «nimepokea tu hivi» si kinga.

Mdogo: Kifungu hicho kimesumbua hata waandishi wa habari.

Yaya: Njo vile. Mimi mwenyewe nakiona kipana mno. Lakini kipo, na kidole chako ndicho kinachobonyeza.

Mdogo: Haya, PV. Saa sita ya usiku, picha inaingia.

Yaya: Kwanza tujue ni nini. Mashine inachapisha chaguo lako kwenye karatasi, unaiangalia kama ina namba uliyoitaka, unaikunja, unaitia ndani ya sanduku. Biro, yaani chumba cha kupigia kura, ikifungwa, karatasi zinatolewa na kuhesabiwa kwa mikono, mbele ya mashahidi wa vyama na watazamaji. Halafu matokeo yanaandikwa, yanatiwa sahihi, na fomu inabandikwa nje ya biro. Ile iliyobandikwa ndiyo watu wanayoipiga picha.

Mdogo: Naangalia wapi kwanza?

Yaya: Juu. Mkoa, mji au teritware, kituo, namba ya biro. Ikiwa picha imekatwa juu, mchezo umekwisha, haina mahali. Halafu shuka chini: sahihi za watu wa biro na za mashahidi. Kisha chukua kalamu. Tuseme biro ina walioandikishwa 540, waliopiga kura 312. Mgombea wa kwanza 171, wa pili 88, wa tatu 31, wengine wote pamoja 9. Jumla?

Mdogo: 299.

Yaya: Kura mbovu 13. Ongeza.

Mdogo: 312. Inalingana.

Yaya: Sasa inakuja nyingine ya biro ile ile, wa kwanza ana 186. Kila kitu kingine hakijabadilika. Jumla inakuwa 327, lakini waliopiga kura bado ni 312. Watu 15 wametoka wapi? Wanaochezea fomu mara nyingi wanabadilisha mstari mmoja na kusahau jumla. Angalia pia umbo la tarakimu: 1 iliyogeuzwa kuwa 4 au 7, 3 iliyofungwa kuwa 8, wino mzito sehemu moja tu. Na biro moja ni watu mia kadhaa. Ukiona mgombea ana kura 4,000 kwenye biro moja, usipoteze muda wa kuongeza.

Mdogo: Mimi nakuwa mwepesi wa kuzuumu picha, lakini inakuwa ukungu.

Yaya: Kwa sababu WhatsApp inaibana picha na kuondoa habari zake za ndani, saa na mahali. Mwambie aliyeituma aitume kama dokima, si kama picha. Aliyeipiga mwenyewe anaweza. Aliyeipokea kwa wengine hataweza, na jibu lake litakuonyesha yuko wapi kwenye mnyororo. Halafu mishale miwili juu ya meseji: maana yake imepita mikono mitano au zaidi. Hiyo WhatsApp inakuruhusu kuipeleka kwa mazungumzo moja tu kwa mara moja. Usitafute njia ya kuzunguka.

Mdogo: Na zile vokali, meseji za sauti? «Mimi niko ndani ya CENI, tume ya uchaguzi, nawaambia kimya kimya...»

Yaya: Vokali haina namba ya biro. Tumalize hapo.

Mdogo: Mtu akiwa na PV nzuri kumi za Kamalondo, anaweza kusema nani ameshinda?

Yaya: Anaweza kusema biro kumi za Kamalondo. Mwaka 2023 biro zilipita 75,000 nchini. Nyingi zilifungua kwa kuchelewa, mashine hazijafika au batri hazina nguvu, kura ikaendelea tarehe 21 na mahali pengine mbele zaidi. Masisi na Rutshuru kule Kivu ya Kaskazini, na Kwamouth, hawakupiga kwa sababu ya vita. CENI ilitangaza matokeo ya muda tarehe 31 Desemba, Mahakama ya Katiba ikayathibitisha tarehe 9 Januari 2024, Tshisekedi na asilimia 73 na kitu. Kwa hiyo anayekuambia jina la mshindi usiku ule ule anakuambia anavyotamani.

Mdogo: Mtandao ukizimwa?

Yaya: Tarehe 31 Desemba 2018 ulizimwa, ukarudi siku 20 hivi baadaye, na SMS zilikatwa pia. Watu waliotegemea «nitakutumia meseji» walikwama. Sauti ya kawaida ilibaki. Basi mti wa simu: mmoja anapigia watatu, kila mmoja wa hao anapigia saba. Ni watu 25, na hakuna anayelipia simu zaidi ya saba. Namba ziandikwe kwenye karatasi, maana simu ikiisha chaji na umeme umekatika, orodha iliyo ndani yake haikusaidii. Na likelemba isiwe na zamu juma la kura wala juma la matokeo. Irukeni, anayefuata achukue baadaye, muelewane mapema na muandike.

Mdogo: Swali la mwisho, la msikilizaji wa Katuba. Mwenzao namba 7 amechukia, ametoka kwenye grupu katikati ya kampeni. Alishapokea zamu yake. Wamhesabu namna gani?

Yaya: Amepokea 200, bado ana majuma matatu ya kulipa?

Mdogo: Ndiyo, matatu.

Yaya: Basi daftari linasema dola 60. Asipigiwe na yule waliyegombana naye, apigiwe na mweka hazina, kwa sauti, si kwa meseji, na mgombea yeyote asitajwe. «Namba 7, Jumamosi ni 20 yako, nitapita wapi kuichukua?» Na jina lake lisifutwe kwenye daftari.