Krismasi bila kukimbizana na sufuria: maandalizi ya mapema kutoka jikoni Malindi

Hamjambo nyote, karibuni jikoni kwangu hapa Malindi. Leo tunapanga mapishi ya Krismasi kuanzia wiki moja kabla, ili tarehe 25 mpishi naye akae mkekani na wenzake, asishinde mbele ya meko akijifuta jasho kwa leso.

Kabla sijashika kisu, nielewane nanyi jambo moja. Kinachommaliza mtu sikukuu si kupika. Pilau ikishawekwa motoni ni saa moja na nusu, imeiva. Kinachommaliza ni kumenya, kuchambua, kutwanga, kukuna nazi, na kumtuma mtoto dukani mara tano kwa ajili ya iliki. Hizo ndizo kazi tutakazozitanguliza. Chakula chenyewe tutakipika siku yake, maana kwa joto letu la Desemba, chakula cha nazi kilicholala nje kitakuaibisha mbele za watu.

Haya, chukua karatasi na kalamu. Andika watu kwanza, vyakula baadaye. Wahesabu wale wa bara wanaoshuka basi la usiku na njaa zao, kisha hesabu sahani za majirani. Hapa kwetu sahani hutembea: za Idi zinakuja kwangu, za Krismasi zinakwenda kwao. Kwa hiyo nyama na kuku nunua pale unapojua vimechinjwa kihalali, ili sahani ikifika kwa jirani iliwe bila swali.

Mimi orodha yangu ni hii: asubuhi mahamri na mbaazi za nazi, mchana pilau ya ng'ombe, kuku wa kupaka, kachumbari na juisi ya ukwaju, chapati kwa wageni wa usiku. Basi. Ukitaka kuongeza na biriani siku hiyo hiyo, dada yangu, hapo unatafuta sifa. Kwa watu 15 nahesabu mchele kilo 2, nyama kilo 2 na nusu, na kuku watatu waliokatwa vipande.

Sasa wiki moja kabla. Tunaanza na viungo. Bizari ya pilau, mdalasini, karafuu, iliki na pilipili manga: vichambue, vikaange kidogo bila mafuta mpaka harufu itoke, viache vipoe, ndipo utwange. Ukitwanga vingali na moto vitatoa unyevu ndani ya chupa. Funga vizuri, weka mbali na jiko.

Kitunguu thomu na tangawizi navisaga pamoja kwenye blenda na mafuta kidogo, kisha namimina kwenye trei ya barafu, moja kwa moja friza. Vikiganda navihamishia kwenye mkebe. Siku ya kupika unatoa vipande vitatu vinne, unatupa sufuriani. Ila tafadhali, thomu iliyosagwa na mafuta usiiache kabatini. Ni friza, au friji kwa siku chache tu, kwani ikikaa kwenye joto inaweza kuzalisha sumu usiyoiona wala kuisikia harufu.

Sogeeni karibu hapa, vitunguu maji. Hii ndiyo rangi ya pilau yako, usiharakishe. Nimekata kilo moja, vipande vyembamba vinavyolingana, maana kinene na chembamba haviivi pamoja. Mafuta yawe mengi na moto wa kadiri. Tazama: mwanzo vinatoa povu na kelele nyingi, hayo ni maji yanatoka. Povu likipungua na kelele ikitulia, usiondoke tena, hata simu ikilia. Mnaona vile vya pembeni vinaanza kuwa rangi ya asali? Vitoe sasa hivi. Vitaendelea kukoza vyenyewe hata nje ya mafuta. Ukingoja viwe kahawia ndani ya karai, vikifika sahanini vitakuwa vyeusi na vichungu, na pilau nzima itachukua uchungu ule. Vitandaze kwenye karatasi, vikipoa kabisa ndipo uvitie mkebeni. Vikihifadhiwa kwenye friji vinafika sikukuu bila wasiwasi. Na mafuta yale usiyamwage, yachuje, ndiyo yatakayoanzisha pilau.

Mbaazi nazo: ziloweke usiku, zichemshe mpaka ziive, na uziishie hapo. Hakuna tui wala nyanya. Zipoze, zigandishe. Tui litawakuta asubuhi ya Krismasi.

Chapati ni siku yoyote ile ukiwa na msaidizi. Pakiti ya unga ya kilo 2 inatoa chapati 20 na ushei. Sukuma kama kawaida, lakini kwenye chuma zipitishe bila mafuta, kila upande ukauke tu na kuonyesha madoa mepesi. Zipoe, kisha zipange ukitenganisha kwa karatasi ya kuokea. Mifuko ya plastiki tuliachana nayo tangu marufuku ya 2017, kwa hiyo mimi natumia mikebe ya aiskrimu ninayoikusanya mwaka mzima. Wageni wakigonga mlango saa sita usiku, unatoa chapati friza, unaitia kwenye chuma kilichopata moto, mafuta huku na huku, tayari.

Kuhusu stima, tusidanganyane, inaweza kupotea. Friza iliyojaa hushika baridi mpaka saa 48 usipoifungua. Iliyojaa nusu, saa 24. Friji peke yake ni kama saa 4. Kwa hiyo palipo wazi kwenye friza jaza chupa za maji. Na kama huna friji, usikate tamaa: viungo na ukwaju mkavu vyote hutangulizwa, vitunguu vikaange jioni ya mkesha, na nyama nunua asubuhi yenyewe.

Tarehe 23 tunashusha kuku na nyama kutoka friza, tunaviweka friji, chini kabisa, ndani ya bakuli ili maji yake yasidondokee vyakula vingine. Kuku mzima huchukua karibu siku nzima kuyeyuka humo. Usimwache juu ya meza ya jikoni. Nje ataota joto huku katikati bado ni jiwe.

Tarehe 24. Kuku mpake chumvi, thomu, tangawizi na pilipili, alale friji. Ndimu bado. Ndimu ikilala na kuku usiku kucha inamwondolea utamu wa nyama, anakuwa kama amechemshwa. Itie asubuhi, nusu saa kabla ya makaa. Na kuna watu humchoma kuku nusu mkesha ili wammalizie kesho yake. Mimi sishauri. Nyama iliyoiva nusu ikalala ni hatari, heri uamke mapema.

Ukwaju uloweke, ufikiche, uchuje, uchemshe na sukari uwe mzito. Huo unakaa friji, unakorogwa na maji baridi siku ya kunywa.

Sasa nazi, na hapa ndipo nitakaa kidogo. Unaponunua, itikise sikioni. Nazi isiyolia maji, irudishe. Nunua mbili zaidi ya hesabu yako, maana nyingine utaipasua ukute imeoza. Mkesha jioni nakalia mbuzi, nakuna zote kwa mara moja. Angalia mkono wangu: nikiona weupe unaanza kuchanganyika na kahawia, nageuza kifuu. Ukikuna mpaka gamba, tui linakuwa la kijivu. Nazi hii iliyokunwa, kavu vivi hivi, inaingia friza kwenye mkebe. Sikamui usiku. Tui lililokamuliwa huchacha upesi, na likigandishwa mafuta na maji hutengana. Asubuhi natia maji ya uvuguvugu, nakamua tui zito la kwanza naliweka kando kwa kuku, halafu la pili, jepesi, ndilo la kuchemshia mbaazi. Machicha kuku wangu wa uani wanayajua.

Kabla ya kwenda misa ya mkesha, kanda unga wa mahamri. Lakini unga wa kulala lazima ukandwe kwa tui, kwa hiyo toa nazi moja katika zile ulizokuna, ikamue papo hapo. Unga kilo moja, sukari, iliki, na hamira nusu ya ile unayotia siku zote, kwa sababu utaumuka polepole friji usiku kucha. Funika vizuri.

Krismasi yenyewe inakwenda hivi. Saa 12 asubuhi toa unga, kata, acha uumuke nusu saa hivi. Mbaazi motoni na tui jepesi. Saa 2 watu wanakula. Saa 4 washa makaa, na sufuria ya pili pika tui zito na thomu, manjano, pilipili na ndimu mpaka lishike mwiko. Koroga upande mmoja na usiache lichemke kwa fujo, litakatika. Kuku akiiva ndipo unampaka na kumgeuza. Saa 5 pilau, na mnaona wenyewe: vitunguu viko tayari, viungo viko tayari, thomu iko tayari. Unafungua mikebe tu. Kachumbari ikatwe ya mwisho kabisa, baada ya pilau kupaliliwa makaa juu, na apewe yule shemeji aliyekaa tangu asubuhi na simu.

Mkishakula, chakula kisibaki mezani zaidi ya saa mbili. Jua likizidi nyuzi 32, saa moja. Wali usiurundike sufuriani ukasubiri upoe, unachelewa kupoa katikati. Utandaze kwenye sinia pana, kisha friji. Pasha mara moja tu, mpaka mvuke utoke kila upande, na sahani za majirani zipeleke kabla ya kukaa kupumzika, zingali moto.