Si Kelele, Ni Uzito: Kwa Nini Muziki Mwingine Unakukalia Kifuani

ZUHURA: Karibuni tena jamani. Leo Baraka kaja studio na gitaa, na ampilifaya ambayo waya wake umefungwa utepe mweusi sehemu tatu. Mkisikia kimya cha ghafla, mjue umeme umekatika kwa sababu yake.

BARAKA: Inafanya kazi, dada, iache. Leo najibu swali ambalo vijana wa bendi hawaachi kunitumia: muziki unakuwaje mzito? Wengi wanadhani ni kuongeza sauti tu, mpaka majirani wagonge mlango.

ZUHURA: Na mimi nimo. Kigodoro kikipigwa mtaani kwetu, spika zimepangwa hadi usawa wa paa, nguo mwilini zinatikisika. Kama huo si uzito, ni nini?

BARAKA: Huo ni ukubwa. Singeli inakwenda mapigo 200 na zaidi kwa dakika, inakupandisha mzuka, inakurusha. Muziki mzito haukurushi. Unakukalia.

ZUHURA: Haya, nikaliwe basi. Tunaanzia wapi?

BARAKA: Birmingham, Uingereza, 1965. Tony Iommi, ambaye baadaye atapiga gitaa la Black Sabbath, bendi ya hevi metali, ana miaka 17, siku yake ya mwisho kiwandani. Kazi yake ni kuchomelea, lakini siku hiyo mwenye mashine ya kukandamiza mabati hakutokea, akawekwa yeye. Mashine ikamkata ncha za vidole viwili, cha kati na cha pete, mkono wa kulia.

ZUHURA: Si ndio mkono wa kucharazia huo? Afadhali kidogo.

BARAKA: Balaa ndilo hilo, jamaa anatumia mashoto. Mkono wa kulia ndio unaobonyeza nyuzi.

ZUHURA: Masikini!

BARAKA: Msimamizi wake wa kiwandani akampa santuri ya Django Reinhardt, mpiga gitaa wa jazi, ambaye alipiga solo zake kwa vidole viwili baada ya mkono wake kuungua moto. Iommi akapata moyo. Akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni ya vyombo, akatengeneza vifuniko vya vidole, akavibandika vipande vya ngozi visiteleze. Ila ukivaa kitu kama hicho huusikii uzi, unabonyeza kwa kukisia. Akatafuta nyuzi nyembamba, hata za banjo akatumia, na baadaye akazilegeza. Katika albamu ya tatu ya Black Sabbath, ya 1971, kuna nyimbo ambazo gitaa limeshushwa nusu toni tatu. Uzi mnene kuliko yote, ambao kwa kawaida hutetemeka mara 82 kwa sekunde, hapo ni 69.

ZUHURA: Basi jibu tumepata. Tulegeze nyuzi, twende nyumbani.

BARAKA: Subiri. Albamu yao ya kwanza ilitoka Februari 1970, na humo gitaa liko kwenye tyuni ya kawaida. Wimbo wa kwanza: mvua, kengele, kisha noti tatu. G, halafu G ya juu, halafu C shapu. Kutoka G hadi C shapu ni toni tatu, na sikio halipati pa kutulia hapo. Wanazipiga polepole mno. Hakuna aliyelegeza chochote, na ni mzito hadi leo.

ZUHURA: Kwa hiyo ni huo mwendo wa polepole?

BARAKA: Nusu yake. Nusu nyingine nikuoneshe. Uzi wa tano ukiwa wazi ni A, mitetemo 110. Juu yake naweka E, 165. [anapiga] Safi, sivyo? Sasa nawasha distosheni. [anapiga]

ZUHURA: He! Kuna kitu kimeingia chini. Umegusa uzi gani mwingine?

BARAKA: Hakuna. 165 toa 110?

ZUHURA: 55.

BARAKA: Ndiyo hiyo unayoisikia, A ya oktavu moja chini. Ampilifaya ikisukumwa kupita uwezo wake inakata vilele vya mawimbi, na humo ndani noti mbili zinazaa ya tatu, ambayo ni tofauti yao. Ndiyo maana watu wa hevi metali wanapenda kordi ya noti mbili. Ukipiga kordi kamili, zinazaliwa noti nyingi zisizoelewana, mlio unavurugika.

ZUHURA: Sasa kaka, mimi nasikiliza kwenye simu. Kispika kile hakiwezi kutoa 55, na bado naisikia besi.

BARAKA: Ubongo unaijazia. Ukipewa 110, 165 na 220 kwa pamoja, wenyewe unaitengeneza ile 55 iliyokosekana.

ZUHURA: Hapo umenimaliza. Nikapeleka wazo Kinshasa: bendi ya Konono Nº1, likembe, zile ala za kupigwa kwa vidole gumba, zenye maikrofoni za kujitengenezea kwa sumaku za magari mabovu. Mlio umepasuka vizuri kabisa!

BARAKA: Uchafu wa mlio upo, tena mtamu. Ila ule unachezesha. Haukai.

ZUHURA: Na kundi la Duma wa Nairobi, albamu ya 2020 iliyotolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala? Kasi yake inazidi singeli, na mimi naona ni mizito.

BARAKA: Ile… ni mikali.

ZUHURA: Mizito, Baraka. Ngoma zinakwenda mbio hadi sikio linaacha kuhesabu, inabaki ngurumo moja, na sauti ya mwimbaji juu yake inakokota. Mwendo wa polepole umo, umejificha tu.

BARAKA: Sawa, hiyo nakupa. Tumalizie na kijana mwenye ampilifaya ndogo, anasema ameweka geini, kile kitufe cha kuongeza distosheni, mwisho na bado mlio wake ni mwepesi.

ZUHURA: Aongeze nini?

BARAKA: Apunguze. Geini ikizidi, pigo la mkono linapotea, kila noti inalingana na mwenzake. Aishushe nusu, kisha amwambie mpiga besi acheze naye noti zile zile. Geezer Butler, mpiga besi wa Black Sabbath, alikuwa akimfuata Iommi hadi kwenye kuvuta nyuzi.

ZUHURA: Na kama bendi haina mpiga besi?

BARAKA: Hiyo si bendi, dada. Hao ni wapiga gitaa watatu wanaogombea soketi.