CD4 Zako Zinakula Nini?

Hili nimelisema Kigoma hii mpaka wengine mnanimalizia sentensi, na leo nalirudia: usiniambie una CD4 ngapi tu, hizo seli za kinga ambazo VVU, kirusi cha UKIMWI, huzishambulia. Niambie zinafanya nini, zinakula nini.

CD4 iliyotulia hutumia sukari kidogo. Kirusi kinaweza kuipenya, lakini humo ndani kinakwama. Kimekuja na maelekezo yake ya urithi kwa umbo la RNA, kinataka kuyageuza DNA, umbo linalotumiwa na seli, lakini malighafi ya kujengea DNA hakuna. Na kuna protini, SAMHD1, inayozidi kuzipunguza. Ni fundi aliyefika saiti akakuta hakuna tofali wala saruji. Sasa iamshe seli hiyo, tuseme kwa TB. Inaongeza milango ya kuingizia glukosi, inachoma sukari kwa kasi, inajikusanyia malighafi ili igawanyike. Fundi wetu anakuta lori limeshamwaga mzigo! Mwaka 2019 watafiti wa Institut Pasteur, Paris, walionyesha kwamba VVU hupendelea CD4 zenye shughuli hiyo nyingi, na ukiibana maabara, maambukizi yanapungua.

Kijana wa pale nyuma anacheka, najua anachotaka: "Basi dokta, tuache sukari? Tuache ugali?" Hapana, jamani! Hata ukifunga kutwa, ini lako litatoa glukosi. Anayekuuzia unga wa majani pale mwaloni Kibirizi eti unaua virusi kwa njaa, kinachokufa ni pochi yako. Na mgonjwa wa VVU aliyekonda anahitaji kula, tena ashibe.

Kuna watu wachache sana, hawafiki mmoja kwa mia, wanaodhibiti VVU bila dawa. CD8 zao, zile zinazoua seli zilizoambukizwa, hazing'ang'anii glukosi; mitokondria zao, mitambo ya nishati ya seli, zinafanya kazi vizuri, hata mafuta zinachoma. CD8 za wasioweza kudhibiti hutegemea sukari mno. Makrofaji, seli nyingine za kinga, tuziache, mwenyekiti ananionyesha saa. Sokwe wa Gombe na SIV yao, kirusi ndugu wa VVU, siku nyingine. Ila VVU haikutokea Gombe, ilitokea kwa sokwe wa Kameruni, msiwasingizie wetu.

Dawa ya kubadili mlo wa seli haijafika kliniki. Lakini WAVIU washauri, ninyi mnaoishi na VVU na kuwashauri wenzenu, tazameni TLD mnayoijua, kidonge kimoja chenye dawa tatu: tenofovir na lamivudine ni malighafi bandia. Kirusi kinazipachika kwenye mnyororo wa DNA, mnyororo unakatikia hapo. Dolutegravir inazuia DNA ya kirusi isijichomeke kwenye yako.

Haya, maswali. La ugali nimeshalijibu.