Mashine ya Kukereza ya Mnadani: Kuikagua, Kuibeba na Kuifufua
(Mhadhara kwa mafundi wa karakana, Mwanza)

Shikamooni wazee wetu wa karakana, na habari zenu vijana. Leo tunazungumzia kununua mnadani mashine ya kukereza (lathe), ile inayozungusha chuma huku kisu kikikikata. Tuanze na tangazo la mnada lenyewe, maana pesa huanza kupotea hapo. Tangazo husema mali inauzwa kama ilivyo, mahali ilipo. Maana yake, gia ikikosekana ni shauri lako, na kreni ya kuitoa uani utaitafuta mwenyewe. Mara nyingi mshindi hulipa asilimia 25 papo hapo na salio ndani ya siku 14, na akichelewa dhamana inakwenda. Soma masharti ya mnada wako, uliza kama bei imejumuisha VAT, na usipandishe dau kabla hujajua pesa ya salio itatoka wapi.

Kuna kasoro tunazoweza kuzimaliza hapa Mwanza kwa mikono yetu: mota iliyoungua, mikanda iliyokatika, nati iliyolika ya krosi slaidi (sehemu inayosogeza kisu ndani na nje ya kazi), kutu ya juu juu. Kuna nyingine ambazo mashine ikiwa nazo itabaki nazo: kitanda (mwili mrefu unaobeba sehemu zote) kilicholika sana, hedi (kichwa cha kushoto chenye gia) iliyopasuka, telistoki (kichwa cha kulia kinachoshikilia mwisho wa kazi) iliyopotea. Siku ya ukaguzi kazi yako ni kuzitenganisha hizi mbili. Ukikuta mashine ya Colchester au Harrison ya Uingereza, chuma chake ni kizuri, lakini jina halikerezi. Rangi mpya nayo isikuvutie. Chini yake hujui kuna nini. Mashine chafu iliyoganda mafuta meusi mara nyingi ni salama zaidi, kwa sababu mafuta hayo yameilinda na unyevu wa ziwa.

Nenda na tochi, sumaku, fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi), rula ya chuma iliyonyooka kweli, dayo geji (kipimo cha mshale) yenye mguu wa sumaku, kichupa cha mafuta ya taa, chaki ya ubaoni na matambara.

Anza na kitanda. Peleka keriji (sehemu inayobeba kisu na kuteleza juu ya kitanda) mwisho kabisa upande wa telistoki, sehemu ambayo haifanyi kazi sana. Kaza boliti ya kufungia keriji kidogo kidogo mpaka uisikie inabana lakini bado inasukumika. Sasa irudishe taratibu kuelekea chaki ya mashine (kishikio kinachozungusha kazi). Ikilegea kadiri inavyokaribia chaki, kitanda kimelika pale ambapo kazi nyingi hufanyika. Pitisha ukucha kwenye ukingo wa njia (reli za kitanda ambazo keriji hutelezea): ukikwama kwenye ngazi, huo ndio urefu wa chuma kilichoondoka. Weka rula juu ya njia na uingize fila geji chini yake. Hakikisha unapima pale keriji inapopita, siyo sehemu ya telistoki.

Hapa mafundi wengi hukosea hesabu. Kisu kikishuka chini tu, bila kwenda pembeni, hasara ni ndogo mno. Kwenye kazi ya kipenyo cha milimita 40, kushuka kwa milimita 0.2 kunaongeza kipenyo kwa takriban milimita 0.002, huoni hata kwa mikromita ya kawaida. Balaa ni njia ya mbele kulika zaidi ya ile ya nyuma, kwa sababu keriji inainamia kwa fundi. Chukua mashine ambayo njia zake zimeachana milimita 250, na ncha ya kisu iko milimita 200 juu yake. Njia ya mbele ikishuka 0.1 peke yake, kisu kinasogea nje kama 0.08, na kipenyo kinakua kwa 0.16. Hapo beringi haikai.

Kwa hiyo jiulize utafanya kazi gani. Bushi za mashine za kusaga na pini fupi zinakerezwa ndani ya sentimita chache karibu na chaki, na ndani ya umbali mfupi hivyo kulika hakubadiliki sana. Mashine yenye kitanda cha wastani itakulisha vizuri. Lakini kama unataka shafti za propela za boti, urefu wa mita na zaidi, kitanda kibovu kitakupa shafti yenye tumbo. Kusaga kitanda upya kunahitaji mashine kubwa ya kusagia njia, na gharama yake pamoja na usafiri inaweza kupita bei uliyonunulia.

Nyufa nyingi hazionekani kwa macho. Futa sehemu unayoishuku, ipake mafuta ya taa, subiri dakika kumi, ikaushe kabisa kwa tambara, kisha paka chaki ya ubaoni. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatapanda na kuchora mstari mweusi kwenye chaki. Fanya hivyo kwenye miguu, kwenye hedi karibu na beringi, na kwenye mwili wa telistoki. Chuma cha kutupwa (cast iron) hakipindi, hupasuka, na mashine nyingi hupasuka wakati wa kuhamishwa.

Kwa spindo (shafti ya hedi inayobeba chaki ya mashine), funga bomba au nondo nene kwenye chaki, weka dayo geji juu ya spindo yenyewe, siyo juu ya chaki, kisha inua kwa gongo. Mshale ukicheza 0.01 au 0.02, hiyo isikusumbue. Ukicheza 0.05, jaribu kufikiri ni marekebisho ya nati, lakini kwenye bei hesabu beringi mpya. Fungua kifuniko cha hedi, mulika kila jino la gia huku ukizungusha kwa mkono, na chovya sumaku kwenye mafuta. Unga laini wa chuma ni kawaida. Vipande ni meno. Mafuta meupe kama maziwa yameingia maji.

Kisha hesabu vilivyopo. Telistoki husagwa ili ilingane na kimo cha hedi yake, kwa hiyo ya mashine nyingine haitakaa sawa. Tafuta gia za kubadilisha za kukatia skruu. Kama lidi skruu (skruu ndefu inayovuta keriji wakati wa kukata nyuzi) ni ya inchi na unataka kukata nyuzi za milimita, ulizia gia ya meno 127. Inatumika kwa sababu inchi moja ni sentimita 2.54, na 127 gawanya kwa 50 ni 2.54 kamili. Piga picha vyote na uviandike kwenye karatasi siku hiyo hiyo. Kati ya mnada na siku ya kubeba, vitu vidogo huhama. Na msiyadharau makasha ya loti ndogo: ndani yake hukaa tapu za kukatia nyuzi, mikromita na visu ambavyo watu wa chuma chakavu hununua kwa kilo.

Dau lako lipange nyumbani. Chukua bei ya mashine kama hiyo ikiwa inafanya kazi, toa Fuso na kreni, toa mota, beringi na chaki unayojua utanunua, toa umeme wa fezi tatu, kisha toa tena fungu la usiyoyaona. Dalali akipita hapo, nyamaza.

Kwenye kubeba, sogeza keriji na telistoki kulia ili zisawazishe uzito wa hedi, na uzifunge. Tumia mikanda ya kitambaa kuzunguka kitanda, na weka vipande vya mbao ili mkanda usiguse lidi skruu. Ikipinda hiyo, umeharibu mashine ukiwa bado uani. Mashine hizi ni nzito juu, hupinduka ghafla kwenye kona, kwa hiyo ifunge kwenye Fuso pande zote nne.

Karakanani, grenda kaa nayo mbali. Msasa na brashi ya waya ya grenda kwenye njia za kitanda ni uharibifu ambao hautarekebishika. Tumia mafuta ya taa, wembe uliolazwa, na sufi laini ya chuma. Vipande vya chuma vyenye kutu nzito, kama mishikio na mabano, viloweke kwa umeme: ndoo ya plastiki ya lita 20, gramu 300 za soda ash wanayouziwa watengeneza sabuni (siyo magadi ya kupikia, yana chumvi), chaja ya volti 12. Hasi inakwenda kwenye kipande chako, chanya kwenye bati la chuma cha kawaida. Usitumie chuma kisichoshika kutu, kitatoa sumu ya kromiamu. Fanyia nje, kwa sababu inatoa haidrojeni, gesi inayolipuka, na springi na boliti ngumu usizitie humo, zitakuwa dhaifu na kukatika.

Boliti iliyoganda, changanya mafuta ya giaboksi ya otomatiki na asetoni nusu kwa nusu, uidondoshee na usubiri usiku kucha. Pini za mteremko zigongwe kutoka upande mwembamba. Ukikosea upande unazikaza zaidi. Hedi iwekee mafuta yaliyoandikwa kwenye bamba la mashine. Mafuta ya injini yana sabuni inayoshikilia uchafu usitue chini. Kwenye injini kuna chujio la kuuokota, kwenye hedi nyingi halipo, na uchafu utazunguka na beringi. Kwenye nipo (vitundu vya kutilia mafuta) usipige grisi, itaziba njia.

Umeme: soma bamba la mota. Ikiandikwa 230/400, inaweza kuendeshwa na inveta ya fezi moja (kifaa kinachogeuza umeme wa fezi moja kuwa fezi tatu) ikiunganishwa kwa delta, yaani nyaya za mota zikiungwa kwa pembetatu. Ikiandikwa 400/690, inveta hiyo haitaiwezesha. Usiweke swichi kati ya inveta na mota, kuikata ikiwa inazunguka kunaweza kuua inveta. Mota ya Marekani ya 60 Hz itazunguka polepole kwa moja ya sita kwenye umeme wetu wa 50 Hz. Mara ya kwanza washa bila chaki. Kama chaki yako inafungwa kwa nyuzi na mota inazunguka kinyume, chaki itafunguka na kuruka. Ikizunguka kinyume, badilisha waya mbili kati ya tatu.

Mwisho ni kuisimamisha sawa. Funga chuma cha kipenyo cha milimita 50 kwenye chaki, kisishikwe na telistoki, kikiwa na mikanda miwili (sehemu mbili zilizoachwa nene) iliyoachana milimita 150. Kata yote miwili kwa mkato mwembamba bila kugusa kisu, kisha pima. Ule wa upande wa telistoki ukiwa mkubwa, inua mguu wa mbele upande huo. Ukiwa mdogo, inua wa nyuma. Rudia mpaka tofauti iwe chini ya 0.02. Kaza boliti za sakafuni na upime tena, kwa sababu kukaza kunapinda kitanda. Baada ya wiki moja pima mara nyingine, miguu ikishatulia kwenye zege.