Saa za Mafunzo ya Lazima Alipe Nani?

Mabibi na mabwana, na hasa ninyi mliotoka zamu ya usiku mkapitia hapa kabla ya kulala, nawashukuru kwa kufika. Wengi wetu tuliohamia Marekani kutoka Afrika Mashariki tumepata riziki katika nyumba za kutunzia wazee, tukiwa wasaidizi wa wauguzi, na kanuni za serikali kuu zinataka kila msaidizi apate mafunzo yasiyopungua saa 12 kwa mwaka. Siku hizi msimamizi hutuma ujumbe wa simu kwamba masomo yako kwenye mtandao na yamalizwe kabla ya Jumatatu. Mtu huyafanya nyumbani watoto wakishalala, na hati ya mshahara ikitoka, saa zile hazimo.

Sheria ya viwango vya kazi inayotawala jambo hili ni ya mwaka 1938. Kanuni zilizotungwa chini yake zinasema kuwa muda wa mafunzo hauhesabiwi kuwa muda wa kazi pale tu masharti manne yanapotimia kwa pamoja: mafunzo yawe nje ya saa za kawaida za mfanyakazi, ahudhurie kwa hiari, somo lisihusiane moja kwa moja na kazi yake, na asifanye kazi yoyote ya mwajiri wakati huo. Likikosekana moja, mwajiri analipa.

Ubishi mwingi huzuka kwenye neno hiari. Tangazo ukutani laweza kusema "anayependa", lakini ikiwa mfanyakazi amefanywa aamini kuwa asipohudhuria hali yake kazini itaharibika, kanuni hazimhesabu kuwa amehudhuria kwa hiari. Kwa zile saa 12 hatuna hata haja ya kufika huko, maana kujifunza namna ya kumgeuza mgonjwa kitandani asipate vidonda ni kujifunza kazi ileile uliyoajiriwa kuifanya. Kwamba ulikuwa umekaa kwenye kochi lako hakubadilishi neno, kwa sababu kazi inayofanyika nyumbani mwajiri akijua huhesabiwa pia.

Hata hivyo tusivutie kila kitu kwetu. Anayesoma uuguzi chuoni jioni kwa uamuzi wake mwenyewe hawezi kudai malipo ya saa hizo, ingawa masomo yanamfaa kazini. Vilevile mwajiri anaweza kukubaliana nanyi mapema juu ya kiwango kidogo kwa saa za mafunzo, mradi kisishuke chini ya kima cha chini.

Aliyekwisha kufanya saa 40 katika wiki, kisha akaongeza 2 za mafunzo, anadai hizo 2 kwa mara moja na nusu. Andikeni tarehe na saa, mhifadhi na ujumbe wa msimamizi, kwani muda wa kudai ni miaka 2, au 3 mwajiri akiwa amevunja sheria kwa makusudi, na kila siku ya mshahara inayopita huzipeleka saa za zamani nje ya muda huo.