Mwanga Unaotangulia Kichwa Kuuma

Mbukwenyi, akina mama. Hapa Dodoma kichwa kikiuma tunalaumu jua na vumbi, tunameza dawa, tunarudi kwenye mizabibu. Leo naongea na wale ambao, kabla kichwa hakijaanza, huona kitu.

Mnajijua. Unapepeta uwele, mara katikati ya ungo panatokea doa linalometameta, kingo zake kama meno ya msumeno. Linapanuka polepole, kisha linatoweka, na kichwa kinaanza kugonga, mara nyingi upande mmoja. Wengine ganzi huwapanda kutoka vidoleni hadi mdomoni. Hicho ni kipandauso, na dalili hizo za mwanzo huitwa aura. Si majini, mama zangu. Ni wimbi linalotambaa juu ya ubongo na kuzima neva kwa muda. Aristides Leão wa Brazil alilieleza mwaka 1944.

Sasa tuje kwenye damu. Mwenye aura ana uwezekano karibu mara 2 wa kupata kiharusi cha mshipa kuziba. Kwa binti wa miaka 25 uwezekano wenyewe ni mdogo sana, kwa hiyo asikose usingizi. Lakini sigara huupandisha, presha huupandisha, na vidonge vya majira vyenye estrojeni (homoni ya kike) pia, maana estrojeni huifanya damu igande upesi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema mwenye aura asitumie vidonge hivyo. Vijiti na kitanzi anaweza kutumia. Nimekutana na mama aliyemeza vidonge hivyo miaka mingi bila kuulizwa habari za macho yake, na yeye hakusema kwa sababu aliona kichwa ni jambo dogo. Hilo linaniuma hadi leo. Semeni hata msipoulizwa!

Yupo pia mama ambaye mimba zimemtoka 3 mfululizo, au mguu uliwahi kuvimba kwa damu kuganda, na kipandauso anacho. Huyo aombe kipimo cha antibodi za antifosfolipidi. Ni kinga ya mwili inayogeuka na kugandisha damu. Graham Hughes wa London aliueleza ugonjwa huu mwaka 1983. Kipimo kikionyesha zipo, hurudiwa baada ya wiki 12, kwani maambukizi huweza kuziibua kwa muda tu. Akishika mimba hupewa aspirini kidogo na sindano za heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na wengi hujifungua salama. Wakati huo mtaani ameshaitwa mchawi wa watoto wake mwenyewe.

Dada pale nyuma anauliza atajuaje kwamba si kiharusi. Aura hutambaa, kwa dakika 5 hadi 60. Kiharusi hukupiga ghafla: mdomo unapinda, mkono unalegea, maneno hayatoki. Ukiona hivyo, au aura imepita saa nzima, au ndiyo ya kwanza maishani mwako, usingoje kupambazuke. Iwe bajaji, iwe gari la jirani, nenda hospitali usiku huohuo.