Moto wa Makaa: Msamaha kwa Moyo Wenye Shaka

Wapendwa, Bwana asifiwe. Nawashukuru ninyi mliotoka kazini moja kwa moja, mkavumilia msongamano wa Barabara ya Jogoo, ili kuja kusikiliza habari za jambo ambalo kanisani hatupendi kulitamka, yaani shaka.

Hapa Nairobi, mtu akisimama kushuhudia husema kwamba ameokoka na anampenda Bwana, hata kama usiku wa kuamkia siku hiyo alijaribu kuomba akaona maneno yake yanaishia kwenye mabati. Kisha hunijia faraghani na kuniambia, "Mchungaji, imani yangu imepoa, nikipata uhakika tena, ndipo nitakapoomba msamaha." Nadhani hapo tumetanguliza mkia. Msamaha haungoji uhakika, na mara nyingi uhakika wenyewe huzaliwa ndani ya msamaha. Neno toba tulilipokea kutoka Kiarabu, na maana ya asili yake ni kurudi. Naye anayerudi nyumbani msimu wa mvua huingia na matope yake miguuni, hasimami njiani mpaka yakauke.

Katika Marko 9 baba wa kijana aliyepagawa alilia, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Yesu hakumrudisha akaikamilishe imani hiyo kwanza, kwa maana kijana aliponywa papo hapo, mbele ya baba aliyekuwa amekiri kwamba nusu ya moyo wake haiamini. Daudi naye, baada ya kukemewa na nabii Nathani, aliomba katika Zaburi 51 aumbiwe moyo safi, na kitenzi cha Kiebrania alichokitumia ni kilekile cha Mwanzo 1:1, ambacho katika Maandiko mtendaji wake ni Mungu peke yake. Hakuomba moyo wa zamani ushonwe kiraka.

Lakini ninayetaka tukae naye zaidi ni Petro. Yohana 18 inasema kwamba usiku ule ulikuwa wa baridi, watumishi wakawasha moto wa makaa, na Petro akasimama nao akiota moto huku akimkana Bwana. Sisi tuliolelewa na jiko tunajua jinsi moshi wa makaa unavyoshika nguo. Unaweza kulala na kuamka, na sweta bado inakwambia ulikuwa wapi. Sasa fungueni Yohana 21. Wanafunzi wanashuka ufuoni alfajiri, mikono mitupu usiku kucha hadi walipoambiwa watupe wavu upande wa kulia, na pale nchi kavu wanakuta moto wa makaa, samaki juu yake, na mkate. Katika Agano Jipya lote, neno la Kigiriki la moto huo hutokea mara mbili tu, katika sura hizo mbili. Bwana alimrudisha Petro kwenye harufu ileile ya aibu yake, akamlisha kwanza, kisha akamwuliza mara tatu kama anampenda. Mara ya tatu Petro alihuzunika, na hakika lilikuwa swali la kuuma, lakini kila jibu lilifuatwa na kazi: lisha, chunga, lisha.

Nisieleweke vibaya. Si kila shaka inatokana na dhambi. Mama aliyemzika mwanawe ana maswali yasiyodai toba yoyote, na anayemkemea anamwongezea jeraha. Yangu, hata hivyo, ilikuwa na mzizi. Karibu mwaka mzima nilihubiri nikiwa mkavu, nikasoma vitabu vya kutetea imani, nikafunga, nikidhani ninachokosa ni hoja, kumbe nilikuwa nimemdhulumu ndugu yangu fedha za shamba la marehemu mama. Jumamosi moja nilipanda matatu hadi Dandora, nikamkuta mlangoni akipepea jiko kwa kifuniko cha ndoo. Hakuinuka. Nilisema niliyokuja kusema, naye akaendelea kupepea mpaka makaa yakashika, kisha akanisukumia kigoda kwa mguu. Maswali mengine ninayo hadi leo, lakini usiku ule niliomba, nikaona kwamba sizungumzi peke yangu.

Wazee wetu wa Uamsho, ule uliotokea Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930 ukaenea hadi huku kwetu, waliita jambo hili kutembea nuruni, na walikiri makosa yao mbele ya ndugu kwa majina ya mambo yenyewe. Baadaye kukiri huko kuligeuka mazoea katika vikundi vingine, ushuhuda uleule ukisimuliwa kila juma. Lakini sisi tulioacha kukiri huko tumebaki na tabasamu la Jumapili, na sioni kwamba tumepata faida.

Nirudi kwa Petro kabla hamjauliza maswali. Amekwisha kusamehewa, ameambiwa, "Nifuate," na hatua chache tu baadaye anageuka nyuma, anamwona mwanafunzi mwingine, anauliza, "Bwana, na huyu je?" Samaki hata hawajashuka tumboni. Bwana anamjibu kwa ukali kidogo, wala hamrudishi makaani kuanza upya.